Kompyuta Iliyozaliwa Kwenye Chai

Leo tupige historia kidogo, halafu tuandike programu. Naanza na swali. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya ofisi kila wiki, yaani hesabu za biashara na si za wanasayansi, ilijengwa na nani? Wengi mtajibu IBM. Wengine mtataja jeshi la Marekani. Jibu ni kwamba ilijengwa na wauza chai.

Kampuni yenyewe iliitwa J. Lyons & Co., ya London. Ilikuwa na mikahawa ya chai kila kona ya mji, viwanda vya mikate na keki, na makarani wengi wa kuhesabu senti zilizoingia na kutoka. Mashine yao iliitwa LEO, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya kielektroniki ya Lyons. Kuanzia tarehe 29 Novemba 1951 ilianza kufanya hesabu za gharama za mikate na keki kila wiki. Baadaye katika miaka hiyo ya 1950 ikapewa mishahara, oda za mikahawa, na hesabu za kuchanganya chai, yaani chai ipi ya bei gani iingie kwenye pakiti ipi.

Mimi ni mtu wa Kipkelion. Kwetu kuna mahindi, maziwa na kahawa zaidi ya chai, lakini ukipanda tu kuelekea Kericho mjini unakutana na ule ujani usio na mwisho. Stesheni yetu ya reli wakati wa mkoloni iliitwa Lumbwa, na ndiyo iliyokuwa lango la Kericho kwenye reli iliyofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilipoanza mashamba makubwa ya Kericho, chai ya huku ilishuka hadi Mombasa na kuvuka bahari kwenda kuuzwa kwenye minada ya London, soko lile lile walikonunulia akina Lyons. Minada hiyo ilifungwa mwaka 1998. Siku hizi mnada wetu ni wa Mombasa. Kwa hiyo mtu wa nchi ya chai akisoma historia ya kompyuta asijione mgeni kabisa. Biashara ya jani hili ndiyo iliyowapa watu sababu ya kuiondoa kompyuta maabara na kuileta ofisini.

Lakini sababu yangu ya kuwaletea habari za LEO ni nyingine. Nataka kuzungumzia namna ya kuielewa kompyuta kwa ndani. Chuoni tulifundishwa muundo wa kompyuta kwa michoro: sanduku moja limeandikwa prosesa, lingine kumbukumbu, mishale katikati. Tukafundishwa pia lugha ya asembli ya prosesa ya 8086, ambayo Intel iliitoa mwaka 1978. Masomo haya mawili yalikuwa kwenye madaftari mawili tofauti. Wanafunzi wengi walikariri michoro, wakakariri amri, wakafanya mtihani, wakasahau yote wiki iliyofuata. Watu wa LEO hawakuwa na madaftari mawili. Kwao kuandika programu na kuijua mashine kulikuwa jambo moja.

Haya, tuanze mwanzo.

Baada ya vita vya pili vya dunia, mwaka 1947, Lyons waliwatuma mameneja wao wawili, Thompson na Standingford, kwenda Marekani kutazama mambo mapya ya ofisi. Huko wakaelekezwa warudi kwao, kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge kinajenga mashine. Mjenzi alikuwa Maurice Wilkes na mashine iliitwa EDSAC. Lyons wakatoa pauni 3,000 na fundi wao mmoja kusaidia kazi ile, kwa makubaliano kwamba wakifanikiwa, Lyons watajenga ya kwao kwa mfano huo huo. EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. LEO ni mtoto wake: valvu karibu 6,000 na kumbukumbu mara nne ya mama yake.

Hiyo kumbukumbu ilikuwaje? Usicheke. Ilikuwa mabomba yaliyojaa zebaki. Biti inaingizwa upande mmoja kama mlio, mlio unasafiri ndani ya zebaki, ukifika upande wa pili unasikilizwa na kurudishwa mwanzo. Namba zilikuwa zinazunguka ndani ya bomba mfululizo, kama watu wanaopokezana wimbo ili usisahaulike. EDSAC kamili ilikuwa na nafasi 1,024 za namba fupi. Kwa vipimo vya leo ni kilobaiti 2 na ushei. Picha moja ya WhatsApp inaizidi mara nyingi sana.

Kila nafasi ilibeba biti 17. Kwa nini 17, namba isiyo na mvuto wowote? Kwa sababu zilikuwa 18, lakini moja ilipotea kwenye muda ambao saketi zilihitaji kujiandaa kati ya namba na namba. Hilo ni somo la kwanza la muundo wa kompyuta, na halimo kwenye michoro ya masanduku: mashine ni kitu cha dunia hii, kina haraka yake na uchovu wake, na anayeandika programu analipia.

Sasa amri. Amri moja ilikaa katika biti hizo hizo 17: biti 5 za kusema fanya nini, moja haikutumika, 10 za anwani, na moja ya kusema namba ni fupi au ndefu. Biti 5 za kwanza ziliandikwa kwa herufi. A ni kujumlisha. S ni kutoa. T ni kuhifadhi kwenye kumbukumbu na kusafisha. E ni kuruka kwenda amri nyingine kama jibu ni sifuri au zaidi. G ni kuruka kama jibu ni hasi. Z ni kusimama. Herufi F mwishoni inasema namba ni fupi.

Zamani kidogo kabla ya hapo, mwaka 1947, Kathleen Booth wa Birkbeck, London, alikuwa ameshabuni namna ya kuandika amri za mashine kwa alama zinazosomeka na binadamu, na wengi humtaja yeye kuwa mama wa lugha ya asembli. Kule Cambridge kazi ilifanywa na kijana David Wheeler, aliyekuwa na umri wa miaka 22 tu mwaka 1949. Aliandika amri 31 za kuanzia, ambazo zilisoma herufi na namba kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa na kuzigeuza kuwa biti ndani ya zebaki. Asembla nzima katika amri 31! Mimi nina faili za mipangilio zenye mistari 400 za kuwasha tovuti ya ukurasa mmoja.

Basi tuandike. Tuseme mkulima amepeleka majani kituoni siku tatu, na kilo zake ziko anwani 100, 101 na 102. Tunataka jumla ikae 103.

T 110 F
A 100 F
A 101 F
A 102 F
T 103 F
Z F

Amri ya kwanza inamwaga chochote kilichobaki mahali pa kujumlishia, inakitupa anwani 110 tusikohitaji. Kisha tunajumlisha mara tatu, tunahifadhi, tunasimama. Hapo umeshaona kitu: mahali pa kujumlishia ni pamoja tu. Hakuna pa pili. Kila hesabu inapita mlango huo mmoja kama wakulima wenye vikapu kwenye mizani moja.

Siku tatu ni rahisi. Mwezi mzima je? Siku 31, kilo ziko anwani 100 hadi 130. Unaweza kuandika A mara 31, lakini kumbukumbu ni ndogo. Unataka amri moja irudiwe, na kila mara isome anwani inayofuata. Leo tunaandika kitanzi na kutumia faharasa, tunaendelea na maisha. EDSAC ya mwaka 1949 haikuwa na rejista ya faharasa. Walifanyaje? Tazama, hapa jumla inakaa 140, na kwenye 141 kuna namba iliyoandikwa P 1 F, yaani moja kwenye sehemu ya anwani:

60: A 140 F
61: A 100 F
62: T 140 F
63: A 61 F
64: A 141 F
65: T 61 F
66: E 60 F

Soma polepole mstari wa 63. Unasema: jumlisha kilichoko anwani 61. Na kilichoko anwani 61 ni nini? Ni amri! Ni ile amri ya A 100 F. Mashine inaichukua amri kama namba, mstari wa 64 unaiongezea moja, mstari wa 65 unairudisha mahali pake. Sasa 61 inasema A 101 F. Mzunguko unaofuata itasema A 102 F. Programu inajiandika upya ikiwa inaendelea kukimbia. (Sehemu ya kuisimamisha baada ya siku 31 nimeiacha makusudi. Ni zoezi lako, na utaiona raha yake.)

Ndugu msomaji, mhadhiri anaweza kukuambia mara mia kwamba katika kompyuta za namna hii amri na data hukaa kumbukumbu moja. Utaitikia kwa kichwa. Lakini ukiandika mistari hiyo saba kwa mkono wako, ukaona amri inabebwa kama kilo za chai, jambo hilo halitakutoka maishani.

Na hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wa Manchester, mwaka ule ule wa 1949, waliiwekea mashine yao rejista ya pembeni ya kuongezea anwani. Kwa mtu aliyekariri, rejista ya faharasa ni jina moja kati ya majina mengi kwenye orodha. Kwa mtu aliyekwisha kuandika mistari 63 hadi 65, ni ukombozi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Twende kwenye tatizo la pili, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Una programu ndogo ya kukokotoa malipo, imekaa kuanzia anwani 200. Unataka kuiita kutoka sehemu nyingi. Kwenda ni rahisi, unaruka tu. Kurudi je? Ile programu ndogo itajuaje kwamba safari hii imeitwa kutoka anwani 100 na safari ijayo kutoka 350? Leo unaandika jina la fanksheni na mabano, basi. Wakati ule hakukuwa na amri ya kuita, wala rafu ya kuwekea anwani za kurudi.

Wheeler akafanya hivi:

100: A 100 F
101: G 200 F

Amri iliyo anwani 100 inasema jumlisha kilichoko anwani 100. Inajichukua yenyewe! Inajibeba mfukoni kama kitambulisho. Kwa sababu herufi A kwenye mashine ile ilikuwa namba 28, na biti yake ya kwanza ni 1, mashine inaiona kama namba hasi. Kwa hiyo G, kuruka kama ni hasi, inafanya kazi bila shaka yoyote, na tunaenda 200 tukiwa na kitambulisho mkononi.

Kule 200 amri ya kwanza inajumlisha namba iliyohifadhiwa tayari, iliyoandikwa U 2 F. Sasa shika kalamu. A ni 28. U ni 7. Jumla ni 35. Lakini biti 5 zinafika 31 tu, kwa hiyo 32 inafurika na kupotea, inabaki 3. Na 3 ni herufi gani? Ni E, kuruka. Anwani nayo: 100 ongeza 2 ni 102. Kwa hiyo A 100 F ukijumlisha U 2 F unapata E 102 F, yaani ruka kwenda 102, amri inayofuata baada ya mwito. Programu ndogo inaipanda amri hiyo mwishoni mwake, inafanya kazi yake, inasafisha mahali pa kujumlishia, inafika mwisho, inarudi nyumbani.

Nilipoikokotoa mara ya kwanza kwenye karatasi nilisimama nikatembea kidogo chumbani. Kufurika kwa biti, ambako kila kitabu kinatuonya kwamba ni hatari, huyu kijana amekufanya daraja.

Sasa ruka miaka 36. Cambridge hiyo hiyo, kampuni ndogo ya Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber wanabuni prosesa iliyowashwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985. Waliiita ARM. Wilson alikuwa amesomea kompyuta hapo hapo Cambridge. Kwenye ARM kuna amri iitwayo BL: inaruka kwenda programu ndogo, na papo hapo inaweka anwani ya kurudi kwenye rejista namba 14. Ile hila ya Wheeler imekuwa waya. Na prosesa za ukoo wa ARM ndizo zilizomo katika simu nyingi mno duniani, ikiwemo, kwa uwezekano mkubwa, hiyo unayosomea makala hii, na ile iliyo mfukoni mwa mchuma chai pale Kericho.

Intel wao kwenye 8086 walichagua njia nyingine: anwani ya kurudi inasukumwa kwenye rafu, ndani ya kumbukumbu ya kawaida. Ni rahisi na inaruhusu programu ndogo kujiita yenyewe. Lakini kitu kilichomo kwenye kumbukumbu ya kawaida kinaweza kuandikwa juu yake. Mwezi wa Novemba 1988 programu ya Robert Morris ilisambaa kwenye intaneti changa ya wakati ule, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kumwaga herufi nyingi kuliko nafasi iliyotengwa hadi zifunike anwani ya kurudi kwenye rafu. Mashine ikarudi, lakini si nyumbani: ikarudi alikotaka mshambulizi. Msomaji aliyeelewa amri za anwani 100 na 101 hapo juu ameshaelewa shambulizi hilo bila kuhitaji mwalimu wa usalama wa mtandao.

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo. Karibu kila kitu kilichomo ndani ya prosesa ni jibu la taabu iliyompata mtu aliyekuwa anaandika programu. Rejista ya faharasa ni jibu. Rafu ni jibu. Ulinzi unaozuia programu isijiandike upya nao ni jibu. Ukipewa majibu bila kuonjeshwa taabu utayakariri, na utayasahau. Asembli inakurudishia taabu zile, kwa kipimo kidogo, kwa jioni chache.

Mtu atasema: haya ni ya wataalamu wa Cambridge. Hapana. Lyons walipotaka waandishi wa programu walifanya kozi ya majaribio na kuwachagua waliofaulu, wengine wakiwa wafanyakazi wao wenyewe. Mary Coombs alikuwa amesomea Kifaransa na historia, akafanya kazi ya ofisi hapo Lyons. Mwaka 1952 alifaulu kozi hiyo na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kompyuta ya biashara. Walipokwenda kwenye mishahara, kazi iliyomchukua karani mzoefu dakika 8 kwa mfanyakazi mmoja, LEO iliifanya kwa sekunde moja na nusu. Na kumbuka fedha za Uingereza zilikuwa pauni ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12, huku mashine ikihesabu kwa mbilimbili. Sisi Afrika Mashariki tulikuwa na shilingi ya senti 100 tangu 1921. Programu yetu ya mishahara ingekuwa fupi kuliko yao!

Sasa tuje kwenye fedha za watu, maana hapo ndipo mzaha unaisha.

Biti 17 zenye alama ya hasi zinafika 65,535. Tuseme unahesabu majani kwa sehemu za kumi za kilo, ili usimpunje mkulima. Basi nafasi moja inafika kilo 6,553.5. Mkulima anayepeleka kilo 600 kwa mwezi ataivuka mwezi wa 11. Atakapoivuka namba itageuka kuwa hasi, na karatasi itasema yeye ndiye anayedaiwa majani na kiwanda. Bonasi yake itakuwaje hapo?

Utasema siku hizi tuna biti 32 na 64. Sawa. Chukua lugha ya C, tumia aina ya float ya biti 32, jumlisha 0.1 mara milioni moja. Jibu sahihi ni 100,000. Mashine itakupa takriban 100,958. Kilo zaidi ya 900 zimezaliwa hewani, bila jua wala mvua. Sababu ni kwamba sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa mbilimbili, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali: 0.333 na kuendelea bila mwisho. Mashine inakata mahali fulani, na jumla inapokuwa kubwa, kinachokatwa nacho kinakua.

Kosa la aina hiyo liliwahi kuua. Tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Iraq, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, ukizigeuza kwa namba ya biti 24. Baada ya kuwashwa kwa saa 100 hivi, saa yake ilikuwa imekosea kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita.

Mtu aliyeandika asembli anajua kwamba ndani ya mashine hakuna kilo, hakuna shilingi, hakuna sekunde. Kuna biti tu, na maana yake anaiweka yeye. Kwa hiyo atahesabu senti kwa namba kamili na gramu kwa namba kamili, na atauliza mapema: namba hii itafika wapi kabla ya kufurika? Chai ya wakulima wadogo wa Kenya, chini ya KTDA iliyoanzishwa 1964, inahusu familia zaidi ya 600,000. Mizani za vituoni siku hizi ni za kielektroniki na malipo yanapita kwenye simu. Swali la namba inakaa wapi na inakatwa wapi ni swali la karo na unga.

Na tuna historia ya kutuonya hapa hapa nyumbani. Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka kompyuta ya ICT 1500 mwaka 1965. Hesabu za serikali zilizowekwa kwenye mashine zikaleta matatizo, utaalamu mwingi ulikuwa wa kigeni, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku iliyolegezwa miaka ya 1980. Ni rahisi leo kuwacheka. Mimi sicheki. Mtu akikuuzia sanduku lililofungwa, likaharibu hesabu zako, na hakuna mtu wako anayeweza kulifungua, utafanya nini zaidi ya kulifungia nje? Kule Nairobi, Chuo Kikuu kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1977, na hiyo ndiyo dawa ya kudumu: watu wako wenyewe kujua ndani kuna nini. Kwa kushangaza, ICT na mabaki ya LEO ziliungana mwaka 1968 kuwa kampuni moja, ICL, iliyouza mashine zake hadi huku kwetu. Chai ilienda London, kompyuta ikarudi.

Basi ufanye nini? Usianze na prosesa ya kisasa ya Intel. Kitabu cha amri zake kina maelfu ya kurasa na kitakukatisha tamaa. Anza na mashine ndogo. Martin Campbell-Kelly wa Chuo Kikuu cha Warwick alitengeneza programu ya kuigiza EDSAC, na ni ya bure. Unaona hata kumbukumbu ya zebaki ikicheza kwenye kioo. Andika jumla ya siku tatu. Kisha ya mwezi. Kisha ita programu ndogo kwa njia ya Wheeler. Ukichoka na karne iliyopita, hamia ARM, maana Raspberry Pi au hata simu ya Android itakutosha, uone zile taabu zilivyogeuzwa kuwa rejista. Mwisho andika fanksheni ya mistari mitatu kwa C, mwambie kompaila akuonyeshe asembli aliyoitoa, uisome. Utashangaa: utakuta A, T na E zimevaa nguo mpya.

Jioni kumi zinatosha. Zoezi la kusimamisha kitanzi baada ya siku 31 bado liko pale juu linakusubiri. Dokezo: amri ni namba, kwa hiyo unaweza kutoa amri moja kutoka kwa nyingine na kuangalia kama jibu ni hasi. Mpaka wakati mwingine, kazi njema.